Kisu Kisichoisha Kunolewa

Jumapili, Juni 1

Kwa miaka thelathini na moja niliandika kitabu cha zamu kiwandani: mashine gani imelala, nani ameivunja, nani anaapa kwamba si yeye. Tangu nistaafu sijaandika hata barua. Leo nimeanza daftari hili kwa sababu mke wangu Beth ameniambia nikiendelea kunung'unika kwa sauti atanihamisha nikalale na kuku.

Basi ripoti ni hii. Mahali ni Makongeni, Thika. Baridi imeingia mapema na jua halijaonekana tangu Alhamisi. Mwanangu Waweru, kifungua mimba, alirudi kutoka Uarabuni tarehe kumi na moja Mei baada ya miaka miwili na nusu kwenye ghala la mizigo. Alirudi na begi moja. Analala chumba cha nyuma. Anatoka kula, anasema "asante, nimeshiba" kabla sahani haijafika nusu, anarudi kulala. Ana miaka ishirini na saba na anatembea kama mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo. Amebeba jina la baba yangu, kwa hivyo tangu azaliwe namwita Baba, kama ilivyo desturi yetu. Siku hizi nikimwita hivyo haitikii.

Jumanne, Juni 3

Beth alimpeleka kliniki kwa kisingizio cha kikohozi, nami nikafuata. Nesi, msichana mpole anayeitwa Idah, aliongea naye peke yake kwa muda mrefu, kisha akatuita sisi. Alisema ni huzuni iliyogeuka ugonjwa. Amempa vidonge na tarehe ya kurudi. Halafu akashusha sauti na kutuambia kwamba Waweru amekubali mwenyewe kuwa kuna siku hataki kuwa hai.

"Mzee, mkae karibu naye," akaniambia. "Msimbane na maswali. Na mtoe kwa nyumba visu, dawa ya panya, kila kitu kama hicho."

Mimi ni mtu wa vyuma. Chuma kikipasuka, unaona pale kilipopasukia, unakifunga kwenye jiliwa na kuanza kazi. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikitazama mikono yangu na sikujua niifanyie nini.

Kabla ya jioni Beth alikuwa amefunga visu vyetu vyote ndani ya leso na kuvipeleka kwa jirani yetu Maggie.

Alhamisi, Juni 5

Sukuma iliyokatwa na mama mboga. Nyanya za kupasua kwa vidole. Kitunguu Beth amekikata huko kwa Maggie, akakileta kwenye bakuli amekifunika kwa mkono kama mtu aliyeiba.

Jumatatu, Juni 9

Nilikuwa barazani nikitengeneza redio wakati Waweru alipotoka nyuma, mchana, bila kuitwa. Akasimama hapo muda. Kisha akatoa kitu mfukoni na kuniwekea juu ya meza.

"Mzee, unaweza kuninolea hiki?"

Ni kisu cha mfukoni, cha kukunja. Mpini mweusi, mzito, hakuna kitu kinachocheza. Nilikifungua na kusikia kile kilio kidogo cha chuma kizuri kinapojifunga mahali pake. Lakini makali yalikuwa yameharibiwa vibaya. Ncha imevunjika, kiasi cha punje ya mchele, na karibu na ncha kuna mapengo mawili. Hayo si mapengo ya kukata kitu. Mtu alikitumia kubandulia chuma.

Sikumuuliza nani. Idah alisema tusimbane. Nilisema, "Acha nikiangalie, Baba," na yeye akaketi. Aliketi! Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu dakika kumi, akinitazama nikipitisha kidole gumba kwenye makali. Nilifurahi nikasahau kila kitu.

Beth alinikumbusha. Alikuja na chai, akaona nilichoshika, chai ikamwagika kwenye kisahani. Alingoja hadi Waweru aliporudi chumbani.

"Ngigi, unamnolea nani kisu?"

"Ameniomba."

"Ngai! Nimetoa hata kile cha kupaka siagi kwa hii nyumba, na wewe unakaa hapa ukimtengenezea wembe?"

Tulisimama hapo tukanong'onezana kwa hasira kama watu wanaogombania shamba. Mwishowe tulikubaliana hivi: kisu kitakaa kwangu, mfukoni mwa koti langu, mchana na hata nikilala. Kikiwa kinanolewa ni changu. Kikimalizika ni chake. Ni Beth aliyeisema hiyo sentensi ya mwisho, na hatukuiendeleza.

Jumanne, Juni 10

Jiwe langu la kunolea, nililorithi kutoka chumba cha vifaa kiwandani, halikifanyi kitu hiki kisu. Linateleza. Nilijaribu tupa, nayo ikateleza kama nimeipitisha kwenye kioo. Baada ya saa moja ni jiwe lililokuwa limeliwa. Sijawahi kukutana na chuma kigumu hivi ndani ya kitu kidogo hivi. Waweru alikaa akitazama. Aliuliza, "Kimekataa?" Nikamwambia hakuna chuma kinachokataa, kuna chombo kisichofaa. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tulizoongea tangu Mei.

Jumamosi, Juni 14

Mpwa wangu Mwas ameleta kutoka Nairobi bamba la chuma lililopakwa unga wa almasi. Ana miaka ishirini na miwili na anajua mahali pa kupata kila kitu isipokuwa kazi.

"Niaje, Uncle? Hii itakula hiyo kitu mbaya sana," akasema.

Na kweli inakula. Sauti yake inakwaruza meno, lakini kila ukipitisha, maji yanageuka kijivu. Waweru alishika bakuli la maji. Mwas alimsalimia, "Sasa, bro," akajibiwa "poa," na akajifanya haoni lolote. Ni kijana mzuri, huyo.

Jumatatu, Juni 16

Kazi yenyewe niiandike, nisije nikaisahau. Kisu kilitoka kiwandani na makali manene, yaliyosimama, ya kuvumilia kazi ngumu. Ili kuondoa mapengo ni lazima nile chuma chote hadi chini ya mapengo, na nikishafika huko makali yatakuwa manene zaidi. Kwa hivyo nimeamua kuyalaza. Unapaka wino mweusi pembeni mwa makali yote, unaweka sarafu mbili chini ya mgongo wa kisu ili usikie mlalo unaoutaka, unaondoa sarafu, unapitisha mara chache, kisha unatazama wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, umelaza mno. Ukitoka ukingoni tu, umesimamisha mno. Ni kazi ya subira tupu.

Nilimfundisha Waweru kupaka wino. Mkono wake unatetemeka kidogo, labda ni vidonge, lakini alipaka vizuri.

Ijumaa, Juni 20

Manyunyu kutwa. Upande wa kushoto umekwisha. Pengo moja limetoweka.

Jumanne, Juni 24

Upande wa kulia. Waweru amekula sahani nzima ya githeri. Beth aliingia jikoni kulia.

Jumamosi, Juni 28

Leo jioni makali yalifika. Wanaojua kunoa wanaijua hiyo saa. Unapitisha kidole upande wa pili na unasikia uzi mwembamba wa chuma umejikunja, ukingo mzima kutoka shina hadi ncha. Hapo pande mbili zimekutana. Niliutoa uzi ule kwa mkono mwepesi, nikakipitisha kwenye mkanda wangu wa zamani, nikachukua gazeti. Kisu kilishuka ndani ya karatasi bila sauti.

Waweru aliketi wima. "Wah," akasema. Macho yake yalikuwa macho yake ya zamani. Akanyoosha mkono.

Nami nikakifunga na kukitia mfukoni. Nilisema bado, kuna kupiga msasa mwisho, kesho. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha kwenye paja.

Beth alikuwa amesimama mlangoni. Alipokuwa akitandika kitanda aliniuliza, "Kesho unampa?"

Jumapili, Juni 29

Niandike ukweli, kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia.

Asubuhi kabla ya watu kuamka nilitoka na kisu. Kulikuwa na ukungu, huoni hata lango. Nilipiga magoti kwenye ngazi ya saruji, nikakisimamisha kisu wima na kukivuta mara tatu. Wiki tatu za kazi, mara tatu. Ile sauti niliisikia kwenye magego. Nimewahi kumfukuza kijana kazini kwa kutupa patasi kwenye sakafu, na sasa mimi, Ngigi, fundi mkuu wa chumba cha vifaa, nimepiga magoti kama mwizi nikiua makali bora niliyowahi kuyatengeneza.

Lakini nifanyeje? Nikimpa, nimemwekea mwanangu wembe mkononi. Nikimnyima na kusema kwa nini, nimemwambia kwamba tunamwona kama mgonjwa wa kufungiwa, na hatakuja tena barazani. Na hapa barazani ndipo mahali pa pekee anapokuja. Kisu hiki butu ndicho kinachomtoa kitandani. Kwa hivyo nitakinoa. Nitakinoa mpaka apone, hata kama kitabaki kama sindano.

Baada ya kanisa nilimwambia makali yameanguka, chuma kigumu wakati mwingine hufanya hivyo. Alisema, "Sawa, Mzee." Akaenda kuleta maji.

Jumanne, Julai 1

Nimenoa. Nimeharibu.

Alhamisi, Julai 3

Nimenoa. Nimeharibu. Ukungu.

Jumamosi, Julai 12

Leo alicheka. Nilikuwa nikimsimulia kuhusu msimamizi wetu wa zamani aliyejifungia ndani ya stoo ya vipuri akashinda humo akipiga mlango kwa spana, na sisi tukadhani ni mashine mpya imeanza kufanya kazi. Alicheka kidogo, halafu uso wake ukafungika ghafla, akainuka na kwenda. Sijui nilisema nini kibaya. Nimeirudia hadithi kichwani mara kumi na sioni.

Jumamosi, Julai 19

Siku ya tatu hajatoka. Tangu ile hadithi amekuwa akitoka nusu saa, robo saa, na sasa hatoki kabisa. Beth anaweka chakula mlangoni na kukiondoa. Tunamwita, anajibu "niko," basi. Tumepiga simu kliniki. Idah amesema tusiondoke nyumbani, tuendelee kumwita, na asipojibu tuvunje mlango na kumleta mara moja. Nimetoa bawaba za juu nikisingizia kuzipaka mafuta.

Nilikaa nje ya mlango wake kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Nilitaka kusema kitu. Nilijua kusema nini kwa mashine yenye joto kali, kwa mwanagenzi aliyekatika kidole, kwa meneja aliyelewa. Kwa mwanangu nilisema, "Baba, kuna viazi vitamu." Alijibu, "Niko."

Niliomba pale, kwa midomo tu. Sikumbuki kama nilimaliza.

Jumanne, Julai 22

Alitoka saa tano asubuhi. Amekonda. Alikuja moja kwa moja barazani na swali lake lilikuwa hili: "Kimefika wapi?"

"Kimebaki kidogo," nikasema.

Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, nikaenda kuchukua bamba.

Jumatano, Julai 30

Nimenoa. Nimeharibu. Bapa limepungua kwa upana, sasa linaonekana kwa macho.

Jumamosi, Agosti 2

Maggie amekuja kuuliza kama tunataka visu vyetu, akaona hali, akavirudisha chini ya kitenge. Kisha, ili kuficha aibu, akaanza kunishauri.

"Baba Waweru, si upeleke hicho kwa yule jamaa wa mashine ya kusaga vyuma? Ni dakika mbili tu. Miezi miwili mtu ananoa kisu kimoja, kwani ni upanga wa Mfilisti?"

Nilimkaripia. Nilimwambia mashine inachoma chuma, ugumu wake wote unakufa kwa cheche, mtu asiyejua asifundishe anayejua. Yote niliyosema ni kweli, na nilisema kwa sauti ya mtu anayedanganya. Waweru alikuwa akinitazama. Alinitazama muda mrefu, kisha akatazama ngazi.

Jumamosi, Agosti 9

Leo amenishika.

Nilipotoka na vifaa alikuwa tayari barazani. Alinyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza nilimpa kisu akishike, kwa sababu sikuweza kufikiri haraka. Alikifungua na kujaribu kipande cha gazeti. Karatasi ilikunjamana.

"Jana jioni kilikata."

"Ndiyo. Hiki chuma, unajua, kina tabia—"

"Mzee."

Aligeuza makali juu, yakaelekea mwanga. Kulikuwa na mstari mweupe mwembamba katikati. Mimi ndiye niliyemfundisha mwezi Juni: makali ya kweli hayaonekani, ukiona mstari unang'aa, hapo ni butu.

"Umekivuta kwa simiti," akasema.

"Ndiyo."

"Kutoka lini?"

"Mwisho wa Juni."

Nilingoja anifokee. Ningemshukuru. Aliendelea kutazama ule mstari.

"Mnafikiria nitajiumiza."

Hakuna mtu aliyewahi kulisema neno hilo mbele yake ndani ya nyumba hii. Nilisema, "Ndiyo, Baba. Tunaogopa kila siku."

"Kuna siku hata mimi naogopa," akasema. "Ile wiki sikutoka, nilikuwa naogopa sana. Lakini si na hiki. Hiki siwezi. Hiki si changu."

"Ni cha nani?"

"Cha Nzau."

Basi alinieleza, akitazama meza, kwa sentensi fupi fupi. Nzau alikuwa mwenzake wa chumba huko, kijana wa Matuu. Agosti mwaka jana Nzau alikuwa ndani ya kontena akipakua mizigo, na msimamizi alikuwa na mtindo wa kufunga mlango kwa nje ili wasitoke kupumzika. Joto lilikuwa la kuua. Nzau alianza kupiga mlango. Msimamizi hakuonekana na ufunguo haukuonekana. Waweru alikuwa na kisu cha Nzau mfukoni, alikuwa amekiazima asubuhi kukatia kamba za mizigo. Alibandua kufuli kwa kisu hicho hadi ncha ikavunjika. Mlango ulipofunguka Nzau alikuwa bado anapumua. Alifariki jioni. Maiti ilirudishwa Kenya na nguo zake. Waweru hakuruhusiwa kuja kuzika, pasi yake ilikuwa imefungiwa ofisini. Kisu kilibaki mfukoni.

Na mimi nilimpigia hadithi ya mtu aliyefungiwa stoo akipiga mlango, nikicheka.

"Mama yake anaishi Mwihoko, hapo Ruiru," akasema. "Nilimwambia kwa simu nitamletea. Lakini sikuweza kumpelekea kikiwa vile. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia, tukiwa wadogo. Kifaa cha mtu kinarudi kikiwa sawa, ama usikirudishe. Ulinichapa kwa sababu ya ile randa ya Kahiga."

Nilimchapa, ni kweli. Alikuwa na miaka tisa na alirudisha randa ya jirani ikiwa na pengo.

Wiki tisa alikuwa akingoja nimalize ili aende kwa yule mama. Wiki sita nilikuwa na uwezo wa kummalizia kwa siku moja. Kila asubuhi nilipiga magoti kwenye ngazi ile na kumrudisha mwanzo, nikiamini ninamwokoa. Sikuwahi kumuuliza swali la maneno manne: kisu ni cha nani? Nesi alisema tusimbane na maswali, nami nikaona hiyo ni ruhusa ya kutouliza hata moja, kwa sababu sisi wanaume wa kwetu tunapenda sana ruhusa ya aina hiyo.

Nilimwambia, "Lete maji." Kufikia saa kumi kilikuwa kimekwisha. Yeye ndiye aliyepitisha mara ya mwisho kwenye mkanda. Beth alitazama kutoka dirishani, mkono mdomoni, na hakuingilia.

Jumapili, Agosti 10

Tulienda wote wawili, bila kwenda kanisani. Nilibeba kisu mimi. Aliniambia, "Shika wewe mpaka tufike," na sikujua kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Mama Nzau anaitwa Syokau. Anaishi kwenye chumba cha mwisho cha ploti ya mabati, nyuma ya duka la saruji. Siku za kazi anafulia watu nguo kule Membley, mikono yake imechubuka na sabuni. Alipofungua mlango hakuuliza sisi ni nani. Alimtazama Waweru na kusema, "Ni wewe."

Tulikaa kitandani, kiti ni kimoja. Chumbani kulikuwa na magunia mawili yamefungwa kwa kamba na sufuria zimepangwa ndani ya beseni. Waweru alinigeukia, nikatoa kisu, nikampa. Akampa mama yule kwa mikono miwili. Alikifungua polepole, akatazama makali pande zote, akagusa pale ncha ilipokuwa.

"Kimekuwa kifupi," akasema.

"Ni mimi nilikivunja," Waweru akasema.

"Mwanangu, mimi sikuwa nangoja kisu." Hakusema kwa ukali. "Nilisikia kwa watu mlioenda pamoja kwamba ulirudi Mei. Nikasema atakuja. Kila Jumapili sikutoka hapa. Juni, Julai. Nikasema basi, labda kuna kitu mwanangu alimfanyia, hataki kuniona. Mwezi huu ukiisha narudi Matuu. Nimeshampa mwenye nyumba notisi."

Nilitaka kusema ni mimi. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini ningemwambia nini mama aliyezika, kwamba nilimchelewesha mtu aliyemngoja kwa sababu wangu bado yuko hai? Nilinyamaza, na nina aibu ya kunyamaza.

"Sasa niambie," akamwambia Waweru. "Niambie yote. Walinipa karatasi tu."

Waweru alifungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga. Alifungua tena, na macho yake yakanirudia mimi, kama mtu anayetazama gari lililoziba njia. Syokau aliona kabla yangu.

"Baba Waweru," akasema kwa heshima zote, "tupishe kidogo, tafadhali."

Nilitoka. Nje kulikuwa na manyunyu na mtungi wa maji uliopinduliwa, nikauketia. Kwa muda nilisikia sauti ya Waweru tu, ya chini, bila kukatika. Maneno sikuyasikia, mabati ya jirani yalikuwa na redio. Halafu akaanza kulia. Sijamsikia akilia tangu akiwa na miaka kumi na miwili, siku tuliyomzika bibi yake. Alilia kwa sauti, kama mtu anayetapika, na yule mama naye akaanza, wakalia pamoja kwa lugha mbili.

Nilisimama. Niliweka mkono kwenye komeo. Ni komeo jepesi la waya, mtoto angelifungua. Mkono wangu ulikaa pale hadi ukafa ganzi na sikulifungua, kwa sababu nilijua nikiingia ataacha. Nilirudi kwenye mtungi. Nilikaa hapo kwenye manyunyu karibu saa mbili.

Walipotoka, Waweru alikuwa na macho mekundu na uso uliolegea, kama wa mtu aliyeamka. Syokau alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante kwa kazi yako, Mzee," akasema. "Kimenoleka vizuri."

Njiani Waweru aliniambia amemwahidi kumsaidia kuhama tarehe thelathini. Kisha akalala, kichwa kikinigonga begani, hadi Thika.

Siandiki kwamba amepona. Jumanne tuna tarehe kliniki, na vidonge bado vipo, na Beth bado anaamka kusikiliza kama anapumua. Lakini amekula, akaosha sahani yake.

Beth alinivuta pembeni karibu na tangi la maji. "Amesema nini huko?"

"Sijui."

"Kwani hukuwa hapo?"

"Nilikuwa nje. Amemwambia yule mama."

Alinitazama, akanifuta maji ya mvua shingoni kwa ncha ya leso. "Bora amemwambia mtu," akasema.

Nilimwambia ndiyo, bora. Tangu hapo najaribu kufurahi kwamba mtu huyo si mimi, na bado sijaweza.